Kabla ya kuhamia mji wa milimani wenye baridi kali, kaushuhudie mwisho wa majira ya baridi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kila mada ya kuhamia milimani inapoibuka, maswali huwa yale yale: baridi inashuka hadi nyuzi ngapi, theluji inafika kimo gani, nguo zipi zinafaa. Nimeishi katika mji mdogo wa aina hiyo kwa majira tisa ya baridi, mji wenye barabara moja tu ya kuingilia na kutokea, na ninaandika kwa sababu nimeona familia nyingi zikija na matumaini makubwa na kuondoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Nyingi kati yake hazikushindwa na ukali wa baridi. Zilishindwa na urefu wake. Nguo nzuri na jiko zuri vinatosha kumlinda mtu dhidi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini hakuna vazi linalomsaidia mtu katika mwezi wa tano wa kusukuma theluji, wakati ndugu zake wa nchi tambarare wamekwisha kufungua madirisha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa nauweka hapa mwanzoni, ili hata atakayeishia njiani awe ameupata: usinunue nyumba uliyoiona wakati wa kiangazi. Panga chumba, ukae wiki tatu au nne, na iwe mwishoni mwa majira ya baridi. Mwanzoni theluji ni mpya na nyeupe, banda la kuni limejaa hadi kwenye kenchi, na kila mtu bado ana nguvu na bashasha. Mwishoni kuni zimebaki safu mbili, marundo ya theluji kando ya njia yamekuwa meusi na magumu kama saruji, njia za miguu huyeyuka mchana na kuganda usiku zikawa kioo, na wenyeji wenyewe wamechoka kiasi kwamba salamu zao ni fupi. Ukiupenda mji katika hali hiyo, sina wasiwasi nawe.

Ukiwa huko, chunguza jua kabla ya kuchunguza nyumba. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba nyumba ya chini bondeni lazima iwe na joto kuliko ya juu. Usiku tulivu usio na mawingu mambo hugeuka, kwa maana hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka kwenye miteremko kama maji na kutuama bondeni, hivyo kwamba nyumba iliyo mita mia moja juu ya mto yaweza kuwa na asubuhi yenye unafuu mkubwa kuliko ile iliyo kando ya mto. Zaidi ya hayo, mlima hufunika jua. Mji wa Rjukan nchini Norwei umo katika bonde lenye kina ambamo kwa karibu nusu ya mwaka jua halifiki chini, na mwaka 2013 waliweka juu mlimani vioo vitatu vikubwa vinavyolifuata jua na kurudisha mwanga wake katika uwanja wa mji. Kijiji cha Viganella, kaskazini mwa Italia, kilikuwa kimefanya jambo kama hilo mwaka 2006 kwa kioo kimoja. Watu hawagharamiki kiasi hicho kwa ajili ya pambo. Miale michache ya jua mchana hubadilisha hali ya nyumba, ya barafu iliyo mlangoni na ya moyo wa mkaazi. Dalali hatakuambia kwamba nyumba anayokuonyesha mwezi Julai haitaona jua kuanzia Novemba hadi Februari. Itakubidi usimame mwenyewe uani saa sita mchana na kutazama mgongo wa mlima uko juu kiasi gani upande ambao jua la majira ya baridi hupita.

Sasa nizungumzie kuni, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hupoteza majira yao ya kwanza. Gogo lililokatwa leo linaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na jiko halikupi joto lolote la maana kabla ya kuyachemsha maji hayo yote na kuyatoa kama mvuke. Kuni za kutumia nyumbani zinapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 20, na ili zifike hapo zinahitaji kupasuliwa na kukaa mwaka mmoja, na za miti migumu miaka miwili, zikiwa zimepangwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, zimefunikwa juu peke yake na kuachwa wazi ubavuni. Maana yake ni kwamba anayehamia mwezi Septemba hawezi kukata kuni za majira yanayokuja. Anakata za mwaka ujao, na za mwaka huu lazima azipate kwa mtu aliyezikata kabla yake. Kuna kipimo kidogo cha umeme chenye ncha mbili za kuchomeka katika uso wa gogo uliopasuliwa upya, nacho ni kizuri, lakini jirani yangu mzee alinifundisha kuchukua vipande viwili na kuvigonganisha. Kuni kavu hulia kwa sauti kali na ya juu, karibu kama vyungu vinavyogongana, na kuni mbichi hutoa mdundo mzito unaofia ndani. Kavu utaiona pia imepasuka nyufa kwenye ncha, na gome lake linachomoka kwa kidole.

Kuni mbichi zina madhara mengine kuliko kukuacha na baridi. Moshi wake ni mzito na wa baridi, nao hugandisha kwenye kuta za dohani utando mweusi wa lami unaoshika moto. Dohani inapowaka ndani hunguruma kama ndege inayopita chini chini, na nyumba ya mbao yaweza kwenda nayo. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza, na kwa anayewasha jiko mchana na usiku, isafishwe tena katikati ya majira. Vilevile weka kengele ya monoksidi ya kaboni karibu na vyumba vya kulala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu, zinafanana kabisa na mafua ambayo kila mtu anayo wakati huo wa mwaka.

Maji nitayasema kwa kisa changu. Majira yangu ya kwanza, usiku mmoja wa Januari, upepo uligeuka na kupiga ukuta wa nyuma ya sinki la jikoni. Nilikuwa nimefunga milango ya kabati lililo chini ya sinki, kama mtu yeyote anayefunga kabati, na hivyo joto la chumba halikuweza kuyafikia mabomba yaliyopita ubavuni mwa ukuta wa nje. Asubuhi bomba lilitoa uzi mwembamba wa maji, ukakatika. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba halina pa kutanukia. Kilichonidanganya ni kwamba hakuna kilichovuja. Barafu ilikuwa imeuziba ufa ilioufanya yenyewe, nami nikaenda kazini nikidhani bahati ilikuwa upande wangu. Saa tisa mchana jua likapiga ukuta ule, barafu ikayeyuka, na niliporudi maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa mbele na kuganda kwenye ngazi. Fundi alinionyesha kipande alichokikata: kilikuwa kimechanika kwa urefu kama ganda la kunde. Tangu siku hiyo, usiku wa baridi kali makabati yangu hulala wazi, bomba la mbali kabisa huachwa likidondosha, na kila mgeni anayelala kwangu huonyeshwa koki kuu ilipo kabla ya kuonyeshwa kitanda.

Karibuni kwa maswali na kwa uzoefu wenu. Nitajibu kadiri niwezavyo.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika vizuri na kisa cha bomba nimekiishi, ila naomba nikupinge katika jambo moja. Unasema watu huondolewa na urefu wa baridi. Sisi tuliondolewa na umbali wa hospitali, na tulikuwa tunaupenda mji wetu hata mwezi wa tatu.

Mtoto wetu wa pili ana pumu. Mji ulikuwa na zahanati yenye muuguzi mmoja mwenye moyo wa dhahabu, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya kipitio cha mlima, safari ya saa moja na nusu kwa kiangazi. Katika majira yetu ya tatu ya baridi mtoto alibanwa usiku ambao kipitio kilikuwa kimefungwa kwa siku ya pili. Helikopta iliombwa, na jibu lilikuwa kwamba kwa upepo ule na mawingu yale haiwezi kuruka. Muuguzi alikaa nasi hadi asubuhi akimhesabia mtoto pumzi, na silinda ya oksijeni ya zahanati ilikuwa moja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Barabara ilifunguliwa siku iliyofuata saa kumi jioni, na nilijua tunapita pale tukiwa tunahama.

Simlaumu mtu, kwa sababu hakuna aliyezembea. Ninachosema ni kwamba mwenye mtoto mgonjwa, mwenye moyo dhaifu, au mwanamke anayetarajia kujifungua kati ya Desemba na Machi, asianze na jua wala kuni. Aanze kwa kuuliza: katika miaka mitano iliyopita barabara ilifungwa siku ngapi mfululizo, na katika siku hizo wagonjwa walifanywaje? Aulize watu watatu tofauti. Na dawa za kila siku ziwe za kutosha mwezi mzima zaidi ya mahitaji, tangu Oktoba.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, nimesoma maneno yako mara mbili, na nakubali kwamba nilipaswa kulitanguliza hili. Mimi nilihama nikiwa peke yangu na mwenye afya, na mtu mwenye afya huupima mji kwa mizani yake. Pole sana kwa usiku ule.

Niongeze jambo moja kwa wanaofikiria miji iliyo juu sana. Kuanzia mwinuko wa takriban mita 2,500 mwili wa mtu aliyetoka chini huanza kuhisi upungufu wa oksijeni: kichwa huuma, usingizi hukatika, pumzi huisha kwa kupanda ngazi tu. Wengi huzoea baada ya siku kadhaa, ila wenye maradhi ya moyo au mapafu wamwone daktari kabla ya kwenda hata kutazama nyumba. Mji wa Leadville huko Colorado, Marekani, uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na watu wanaishi na kulea watoto humo, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Ni jambo la kulijua mapema.

Mchangiaji wa 2

Wakuu, mimi na mume wangu tumepata nyumba ya mbao, pana, ya ghorofa moja, yenye paa lililolala kiasi. Muuzaji anasema paa hilo limesimama miaka thelathini. Je, hilo linatosha kutuondolea hofu? Na je, ni kweli kwamba vipande virefu vya barafu vinavyoning'inia kwenye kingo za paa ni dalili mbaya? Picha za nyumba hiyo za majira ya baridi zimejaa barafu hizo, na kusema kweli ndizo zilizotuvutia.

Mwanzisha uzi

Dada, miaka thelathini ni ushahidi mzuri lakini hautoshi, kwa sababu theluji kubwa kuliko zote huweza kuja mwaka wa thelathini na moja. Fanya hesabu hii mwenyewe. Theluji iliyoanguka leo ni nyepesi, mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 50 hadi 100. Ikishalala wiki kadhaa ikajishindilia hufika kilo 200 au 300, na ikinyeshewa na mvua hupita hapo. Sasa chukua paa la mita za mraba 100 lenye theluji iliyolala ya kimo cha mita moja, kwa kilo 300 kila mita ya ujazo: hizo ni tani 30 zimekaa juu ya kenchi zenu. Muulize muuzaji paa lilisanifiwa kubeba uzito gani, na kama hana karatasi, mlipe mhandisi wa majengo wa eneo hilo aingie darini kabla hamjasaini chochote. Akikuta kenchi zilizopinda, mbao zilizounganishwa kwa viraka, au milango ya ndani isiyofunga vizuri wakati wa theluji nyingi, msikilizeni.

Kuhusu barafu zinazoning'inia, ninaelewa zilivyowavutia, maana asubuhi zikipigwa na jua hung'aa kweli kweli. Hata hivyo mara nyingi zinasema kwamba joto la nyumba linapenya darini, linayeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yanateremka chini ya theluji hadi kwenye kingo zilizotokeza nje, ambako hakuna joto, na hapo yanaganda. Barafu hiyo hujijenga kama tuta, maji yanayofuata hukosa njia na kurudi nyuma chini ya vigae hadi yanapoingia ukutani. Dawa yake si kupanda juu na shoka. Dawa ni kuzuia joto lisifike kwenye paa: sufi ya kioo au ya mawe nene darini, nyufa zote za dari zizibwe, hasa kuzunguka dohani na mabomba kwa vifaa visivyoshika moto, na hewa ya nje ipite chini ya paa. Kazi hiyo hiyo itapunguza kuni mtakazochoma, pengine kuliko jiko jipya.

Tazameni pia mlango wa mbele uko wapi. Nyumba nyingi zilizojengwa na watu wasioijua theluji zina mlango chini kabisa ya mteremko wa paa. Bati likipata joto kidogo, theluji yote huteremka kwa mkupuo mmoja, na nimewahi kuona ikipinda reli ya chuma ya ngazi. Mlango wa nyumba ya milimani hukaa upande wa pembetatu ya paa, au huwa na kibanda chake.

Mchangiaji wa 3

Nimekuwa dereva wa mtambo wa kusukuma theluji kwa miaka sita, na ninaomba kuchangia kwa niaba ya wenzangu ambao hulala saa mbili usiku ili waamke saa tisa.

Wageni wengi hudhani barabara ni ya serikali na theluji iliyo uani ni yao, hivyo wanaisukuma ya uani na kuimwaga barabarani. Tafadhali msifanye hivyo. Tuta hilo huganda usiku, na gari la kwanza la alfajiri, ambalo yaweza kuwa la wagonjwa, hulikuta bila kuliona. Kabla theluji haijaanguka, amueni wapi mtarundika ya majira yote, maana rundo la Novemba litakuwa bado lipo Aprili, na atakayelianzisha karibu na njia atakosa nafasi ifikapo Januari. Rundikeni mbali, tangu siku ya kwanza. Pigilieni vigingi virefu vyenye rangi kali pande zote mbili za njia yenu ya gari kabla ardhi haijaganda, kwa sababu baada ya hapo hakuna kigingi kitakachoingia, nami sitajua ukuta wenu mdogo wa mawe uko wapi.

Kuhusu kufungwa kwa barabara, nawaomba msitukasirikie. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na barabara nyingi za milimani hupita chini ya miteremko hiyo hiyo. Mwezi Februari 1999 katika bonde la Paznaun, Austria, theluji ilianguka kwa wiki kadhaa, barabara ikafungwa, na wageni wengi wakabaki wamenasa vijijini. Tarehe 23 poromoko liliingia katikati ya kijiji cha Galtür na kuua watu 31, na baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa katika eneo lililohesabiwa kuwa salama. Baada ya hapo ramani za hatari zilipitiwa upya na ukuta mkubwa wa kinga ukajengwa. Kwa hiyo unaponunua kiwanja, nenda ofisi ya mji ukaombe ramani ya maporomoko, kisha uwaulize wazee mteremko ulio juu ya nyumba yako uliwahi kushuka hadi wapi. Ramani huchorwa kwa yaliyokwisha kutokea. Ukiona mteremko ulio wazi, usio na miti au wenye miti michanga ya umri mmoja huku pembeni kukiwa na msitu mkubwa, jiulize ile miti mingine ilienda wapi.

Na magari: betri katika nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na takriban nusu ya nguvu zake za kuwasha injini, na dizeli iliyonunuliwa nchi ya chini hutengeneza nta na kuziba chujio. Jazeni mafuta huku juu, yale ya majira ya baridi. Ndani ya gari kuwe na koleo, blanketi, tochi na minyororo ya tairi ambayo mmekwisha kujifunza kuifunga mchana, uani, mikono ikiwa na joto. Mkinasa njiani, kaeni ndani ya gari, na kabla ya kuwasha injini kwa ajili ya joto hakikisheni ekzosi haijafukiwa, maana moshi ukikosa pa kutokea utaingia mlimo.

Mchangiaji wa 4

Ndugu, mimi ninafanya kazi kwa intaneti na sina familia. Najua kupasua kuni na ninapenda upweke. Kinachonitia shaka ni akili yangu, kwa sababu hata huku chini miezi ya giza hunielemea. Je, kuna mtu amelipitia hili?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimelipitia, na nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Mfadhaiko unaokuja na kuondoka na majira ni ugonjwa unaotambulika: Norman Rosenthal na wenzake waliueleza nchini Marekani mwaka 1984 na kupendekeza tiba ya mwanga, na tiba hiyo inatumika hadi leo. Taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), ukikaa mbele yake kwa takriban nusu saa asubuhi, huwasaidia watu wengi, ila zungumza na daktari kwanza, hasa ukiwa na tatizo la macho au unatumia dawa. Mimi huiwasha kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba, bila kusubiri kujisikia vibaya, kwa kuwa nikisubiri huwa sina tena nguvu ya kuinuka kuiwasha.

Ila nikuambie kilichonisaidia zaidi. Unasema unapenda upweke, nami pia nilisema hivyo. Upweke wa kuchagua ni kitu kimoja. Siku ya nne ya tufani, umeme umekatika, intaneti hakuna na sauti pekee ni ya jiko, ni kitu kingine. Katika majira yangu ya pili nilianza kwenda kila Jumanne kumsaidia yule jirani mzee kuingiza kuni zake za wiki. Nilidhani namsaidia yeye. Ilipofika Februari nikagundua kwamba Jumanne ndiyo siku pekee niliyokuwa nanyoa ndevu. Tafuta shughuli moja ya kila wiki ambayo watu watagundua usipofika: zimamoto ya kujitolea, maktaba, kwaya, chochote. Mji mdogo humpokea mgeni taratibu, na mara nyingi unasubiri kuona kama atarudi baada ya majira ya kwanza, hivyo usivunjike moyo wakikuita mgeni hadi mwaka wa tatu.

Kwa kazi yako, usitegemee njia moja. Uwe na namna ya pili ya intaneti, betri za kukupeleka siku mbili, na umwambie mwajiri tangu mwanzo kwamba kuna siku utapotea hewani. Kama una jenereta, ikae nje, mbali na madirisha, hata theluji ikikupiga mgongoni unapokwenda kuiwasha. Ukiwa na sahani ya setilaiti, isimikwe mahali utakapoifikia kwa ufagio bila ngazi.

Mchangiaji wa 2

Ahsante sana mkuu. Tumeahirisha kusaini na tumempata mhandisi. Tunataka pia kufanya ulivyoshauri, tukakae kabla ya kuamua. Twende lini hasa, na tufanye nini tukiwa huko ili tusirudi na picha nzuri tu?

Mwanzisha uzi

Hapo mmefanya jambo jema. Kama ni kaskazini ya ikweta, nendeni katikati ya Februari mkae hadi katikati ya Machi. Kama ni kusini, Agosti hadi Septemba. Msipange hoteli. Pangeni nyumba yenye jiko la kuni, na ikiwezekana iwe mtaa ule ule wa nyumba mnayoitaka. Ingizeni kuni wenyewe, toeni majivu wenyewe, futeni theluji wenyewe kila siku hata ikiwa ni ya kimo cha kidole. Mmoja wenu aende hospitali na kurudi kwa gari, akiandika saa alizotumia. Nendeni kwenye nyumba ile saa sita mchana mkaone jua linagusa wapi, na usiku mkasikilize upepo unatokea upande gani.

Katika wiki ya mwisho, acheni jiko lizime usiku mmoja kwa makusudi, ilimradi nyumba ina namna nyingine ya kulinda mabomba. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, kukiwa na giza. Sakafu itakuwa baridi kupita soksi, pumzi yenu itaonekana mbele ya tochi, na vibanzi vya kuwashia vitakuwa vimebaki bandani kwa sababu jana jioni kila mmoja alidhani mwenzake ameviingiza. Mmoja wenu itabidi avae viatu na kutoka. Mkisharudi mkakaa mbele ya jiko mkisubiri chuma kianze kutoa mlio wake wa kupata joto, tazamaneni, muulizane kama mko tayari kufanya hivyo tena kesho.